Habari Iliyofika Kisimani

Dama hakujua kwamba mumewe angesimama mbele za watu mpaka Ijumaa, simu ya nyumbani ilipolia naye akipepeta mchele. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikauliza kama Bwana Tsuma angependa kuzungumza wa kwanza au wa pili.

"Azungumze nini?" Dama akauliza.

"Kisa chake, mama. Kile cha kisima."

Dama akaiweka simu polepole. Mtoto wao wa kwanza, Kai, alikuwa ameshaanza kuota ndevu, na miaka yote hiyo ya ndoa kisa cha kisima hakuwahi kukisikia. Alijua tu kile ambacho Utange nzima ilikijua: kwamba Tsuma, mchimba visima, alifukiwa na mchanga asubuhi moja kwenye kiwanja cha watu, akatolewa hai jua likiwa limeanza kushuka. Yaliyompata mle ndani hakuyasema. Ukimuuliza alijibu, "Nilikuwa chini, nikaja juu," kisha akajitafutia kazi ya kufanya. Kuchimba alikuwa ameacha. Siku hizi alijenga matangi ya maji.

Jioni alipomuuliza, Tsuma alikuwa ameketi kwenye kizingiti akinawa miguu.

"Ni mwalimu Wairimu huyo, yule niliyemjengea tangi," akasema. "Hukusanya watu ukumbini. Mtu anasimama anaeleza jambo lililompata. Sharti liwe la kweli, na liwe lako mwenyewe."

"Wageni wasikie, na mimi nisisikie?"

Tsuma akaendelea kusugua kisigino. "Njoo usikie, Mama Kai. Ndiyo maana nimekubali."

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja huko Kisauni. Jumamosi alasiri Dama alipofika alikuta viti vya plastiki vimejaa hadi mlangoni. Kulikuwa na wafanyakazi wa bandarini waliotoka zamu, wanafunzi, akina mama wa sokoni na leso zao, na wazee wawili waliovaa kofia. Akabanwa kati ya mzee mmojawapo na msichana aliyekuwa akila karanga. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Jacktone, dereva wa malori kutoka Miritini. Alieleza jinsi alivyojifungia kwa bahati mbaya ndani ya lori la barafu pamoja na samaki, na jinsi alivyoimba nyimbo zote alizozijua ili asilale. Watu walicheka mpaka wakapangusa machozi.

Dama hakucheka sana. Alikuwa akimwonea mumewe huruma. Nani atasimama baada ya kicheko kama hicho? Tena Tsuma hakuwa mtu wa maneno. Kwenye harusi ya nduguye aliombwa aseme machache, akasema, "Karibuni chakula," akaketi.

Sasa alipanda jukwaani akiwa na shati lake la kanisani. Akakitazama kipaza sauti, akakisogeza kando kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenziwe njiani.

"Hamjambo," akasema.

Wakamjibu.

"Mchanga haukuanguka kwa kishindo. Ulikuja kama mtu anayemimina mtama. Nikatazama juu, nikaona ule mviringo wa mbingu unapungua. Mwenzangu Musyoka alikuwa juu akivuta ndoo. Nilimsikia akiniita mara moja tu, kisha mbingu ikafungika."

Msichana wa karanga akaacha kutafuna.

Tsuma akaeleza jinsi ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani ulivyolala juu yake na kukwama, ukamkinga kichwa. Kuanzia kifuani kwenda chini alishikwa kabisa. Alibakiwa na kichwa na mkono mmoja. Hewa ilipenya kutoka mahali fulani. "Wapi, sijui mpaka leo," akasema, akiangaza macho huku na huku, kana kwamba bado alikuwa akilitafuta lile tundu.

"Nilidhani ukiwa chini ya ardhi hakuna sauti. Zipo. Nilisikia majembe. Nilisikia watu wakikimbia juu yangu, nikajua huyu ni mzito, huyu ni mwepesi, huyu anachechemea. Halafu zikaja nyayo ninazozijua. Zilikuja mbio, zikafika, zikasimama."

Dama akajua ni nyayo zake. Siku ile alikuwa sokoni akiuza mihogo. Alikimbia bila viatu. Alipofika alilala kifudifudi, mdomo karibu kabisa na mchanga, akaomba mpaka maombi yakamwishia, kisha akaanza kuzungumza tu, lolote lililomjia. Musyoka alimshika mabega akamwambia, "Mama Kai, tupishe tuchimbe. Hakusikii." Naye alimwamini. Alisogea kando kidogo, akalala tena, akaendelea kuzungumza kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Kuna mtu alizungumza nami," Tsuma akasema. "Aliyoyasema sitawaambia, maana aliniambia mimi. Lakini ndani yake mlikuwa na habari moja nisiyoijua. Nilipoisikia nikaacha kulia. Nikasema, kumbe bado nina kazi huko juu. Nikaanza kupumua kidogo kidogo, kama mtu anayekula huku akijua kuna wenziwe hawajala."

Mkono wa Dama ulikuwa umekwenda tumboni wenyewe. Asubuhi ile alikuwa mjamzito na hakuwa amemwambia mtu. Aliuambia mchanga. Baadaye, Tsuma akiwa hospitalini na mkono umefungwa, alimwinamia akamwambia taratibu, naye akafumbua macho akauliza, "Kweli?" na machozi yakamtoka. Siku zote Dama aliihesabu ile kuwa ndiyo siku mumewe alipojua kuhusu binti yao Rosalia.

"Hospitalini nikapewa habari ile mara ya pili," Tsuma akasema. "Nikajifanya ni mpya. Nadhani nilijifanya vizuri."

Wachache walicheka, kisha kicheko kikazimika. Mzee aliyekaa kando ya Dama akasema kwa sauti ya chini, "Subhanallah."

Tsuma akamalizia na maji. Alihisi ubaridi kwenye vidole vya miguu, ukapanda hadi magotini, akajua ni yale maji aliyokuwa akiyachimba. Aliogopa kuliko alivyoogopa mchanga. Lakini maji yaliulainisha mchanga uliomshika miguu, na wenziwe walipofika kwenye ubao na kumpa kamba, alitoka kama jino lililokwisha kulegea.

"Kisima kile kipo," akasema. "Watu wanachota. Hata mimi nimeyanywa maji yake. Ahsanteni."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Wairimu alisimama kando ya jukwaa na karatasi yake mkononi, asijue amwite nani. Ndipo mmoja wa wale watu wa bandarini akasimama, na mwingine, na ukumbi mzima ukasimama bila kelele, kama watu wanaopokea jeneza au bibi harusi. Dama peke yake ndiye aliyebaki kitini.

Walirudi kwa mguu. Walipita maduka ya vyuma na wauza viazi karai, wakakata njia za ndani kuelekea Utange. Dama alikuwa akimtazama tu huyu mwanamume ambaye yeye amemfulia mashati miaka yote hiyo.

"Mbona hukuniambia?" akauliza mwishowe.

"Ulikuja hospitalini umefurahi na habari yako. Ningesema nimeisikia, ningekunyang'anya."

Wakaenda.

"Sauti yangu ilikuwaje kule?"

Tsuma akafikiri. "Kama mtu aliye chumba cha pili. Anapika, na anazungumza nawe huku anapika."

"Na wewe ulikuwa kimya."

"Nani alikuwa kimya? Nilikujibu kila neno."

Dama akasimama njiani. Mwendesha baiskeli akawapigia kengele, wakampisha.

"Sikusikia hata moja," akasema.

"Najua."

"Basi nijibu sasa."

Tsuma akavua kofia, akaivaa tena. Akatazama mbele, na walipoanza kutembea akaanza pia kusema, taratibu, kwa mpangilio, kama mtu aliyeyatunza maneno yake.

"Ulianza kwa kusema kuku amekwisha kutotoa vifaranga. Nami nikauliza, wangapi?"