Kidomodomo na Wagonjwa Wawili

Asubuhi ya Jumanne Mama Mdogo alifika kwenye kitengo cha kusafisha damu akiwa amevimba miguu. Mafigo yake yalikuwa yamechoka tangu zamani, na bila mashine ya kusafisha damu maji yalimjaa mwilini mpaka kifuani. Nesi wa mapokezi akaangalia kompyuta, akamtazama yeye, kisha akaiangalia tena.

"Mama, hapa naona ulisafishwa jana."

"Jana nilishinda nyumbani nafua mapazia."

"Lakini kompyuta inasema ulikuja."

"Basi iulize nilivaa nini."

Nesi alicheka, ila kicheko hakikuongeza mashine. Vitanda vyote vilikuwa na watu. Mama Mdogo akaketi kwenye benchi la ukutani, akasubiri mpaka alasiri, pumzi zikianza kumpanda. Sista mkuu alipopita na kumwona, hakuuliza kompyuta. Aliinama akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Akampa kitanda cha kwanza kilichopatikana.

Jioni alimsimulia yote binti wa marehemu dada yake, aliyemlea kama wa kumzaa. Alisimulia kwa mzaha, akimwigiza nesi na sauti yake nyembamba. Binti hakucheka. Programu iliyopanga zamu za kitengo kile ilitengenezwa ofisini kwao.

Huko ofisini walimwita Fundi, na siku hizi mafundi wa pale waliandika kidogo sana kwa mikono yao. Kazi kubwa ya kuandika programu ilifanywa na akili bandia, ambazo wao waliziita vibarua. Unamweleza kibarua unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anakuletea badiliko lililokamilika kabla chai yako haijapoa. Vibarua hawakula, hawakulala, na waliandika haraka kuliko mtu yeyote angeweza kusoma. Ndiyo sababu Fundi alikuwa ametengeneza mkaguzi, programu nyingine ya kupitia kila badiliko na kutaja kasoro zake, kisha mtu ndiye abonyeze kitufe cha kuruhusu au kukataa. Mkaguzi huyo alisema bila kuchoka. Nafasi kati ya maneno haya imezidi. Jina hili ni refu. Maelezo haya yangependeza yakifupishwa. Wenzake wakambatiza Kidomodomo.

Asubuhi iliyofuata Fundi alifungua kumbukumbu za mabadiliko hata kabla ya kuvua koti. Hakuchukua muda kuliona. Kibarua alikuwa ametumwa aondoe wagonjwa walioandikishwa mara mbili. Akakuta wanawake wawili ambao majina yao, ya baba na ya babu yalifanana, waliozaliwa mwaka mmoja, akawafanya mtu mmoja. Yule mwenzake aliposafishwa Jumatatu, Mama Mdogo naye akahesabiwa amesafishwa.

Na Kidomodomo alikuwa amesema. Katikati ya rundo la maneno kuhusu nafasi na majina marefu, palikuwa na mstari mmoja: watu wawili tofauti wanaweza kuhesabiwa mmoja. Chini yake, aliyebonyeza kuruhusu alikuwa mkuu wa timu, bwana mmoja mrefu ambaye kwa haraka zake walimwita Chapuchapu.

Fundi alimfuata mezani damu ikimchemka.

"Uliambiwa! Soma hapo."

Chapuchapu alisoma. Uso ukambadilika. "Aliyekosa zamu ni nani?"

"Mama yangu mdogo."

"Mzima?"

"Mzima, kwa sababu sista ana macho."

Mkuu wa timu akainuka kwenye kiti chake taratibu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Nilibonyeza mimi, sikatai. Lakini kaa hapa, kaka yako nakuomba. Kagua ya leo."

Fundi aliketi, akaanza kusoma aliyoyasema Kidomodomo juu ya mabadiliko ya asubuhi ile. Nafasi. Jina. Nafasi tena. Maelezo. Alisoma kwa hasira mwanzoni, kisha kwa uvumilivu, kisha kwa mazoea. Alipofika katikati akashtuka: kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuruhusu, na kichwa hakikuwa na habari. Akaurudisha mkono mapajani.

"Umeona?" Chapuchapu akauliza.

"Nimeona."

Hasira yake haikuisha, ila ilihama. Ilitoka kwa yule bwana ikaenda kukaa kwenye kazi yake mwenyewe. Mlinzi anayepiga kelele kila jani likianguka hamlindi mtu, anawazoesha tu watu kulala na kelele.

Mkurugenzi aliwaita siku hiyohiyo. Alikuwa mama wa maneno machache, na hospitali ilikuwa imeshampigia. "Mkaguzi asiyesikilizwa ana faida gani?" akasema. "Mzimeni. Tusome wenyewe."

"Tutasoma yote?" Fundi akauliza.

"Hatutaweza," Chapuchapu akakiri.

"Mkimzima," Fundi akaendelea, "vibarua wataandika vilevile na sisi tutabonyeza vilevile, tofauti ni kwamba hatutakuwa hata na wa kumlaumu. Nipeni muda mpaka tutakapopeleka hospitali marekebisho ya kosa hili. Nitamfundisha kunyamaza."

"Asipofundishika?"

"Nitamzima kwa mkono wangu mwenyewe."

Mkurugenzi alimtazama juu ya miwani. "Haya. Hospitali wapange zamu zao kwa kalamu kwa sasa. Mimi nitabeba matusi."

Fundi alianza kwa kumnyang'anya Kidomodomo maneno yote. Kisha akampa sharti moja: ukidai kitu kina kasoro, onyesha. Buni mgonjwa, mpitishe kwenye programu ya zamani, mpitishe kwenye mpya, uonyeshe ni wapi anaumia. Ukishindwa kuonyesha, funga mdomo.

Ili kumpima, alimtuma kibarua mmoja atengeneze mabadiliko mabovu makusudi na kuyaficha ndani ya mazuri. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Kidomodomo aliacha hata kosa lililokuwa wazi kama jua lipite, akakaa kimya kama aliyemwagiwa maji.

"Kutoka kidomodomo mpaka bubu," jirani yake wa meza akatania. "Hukumwachia hata mate?"

Fundi alicheka naye, kisha akarudi kazini. Aligundua kwamba wagonjwa wa kubuni walikuwa wanyoofu mno: kila mmoja na jina lake, tarehe kamili, mtiifu wa zamu. Hakuna hospitali yenye watu wa namna hiyo. Akaenda kitengoni kumwona sista mkuu, akamwomba amsimulie vituko. Sista alivuta kiti. Kuna wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa, akasema. Kuna mapacha. Kuna mzee aliyebadilisha jina alipooa mara ya pili, na mwingine anayekuja siku ya mwenzake kwa sababu ndiyo siku shemeji yake ana gari. Fundi aliwaumba wote hao upya, akampa Kidomodomo, na kuanzia hapo makosa yaliyofichwa yakaanza kukamatwa. Si yote. Yaliyomponyoka aliyafuata moja moja, akatafuta ni mgonjwa gani alikosekana, akamwongeza.

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa ameshamtafuta yule mwanamke wa jina lake. Alikuwa mshonaji, mnene, mcheshi, na sasa waliomba zamu ya siku moja, vitanda vinavyopakana, na kuitana somo. Nesi akiita jina, wote wawili waliitika kwa pamoja, kwa sauti, makusudi.

"Umenipatia ndugu kwa makosa yenu," Mama Mdogo alimwambia Fundi. "Nashukuru. Lakini msirudie, maana huyu somo akikosa zamu kwa ajili yangu nitakuja ofisini kwenu na mwiko."

Siku ya kupeleka marekebisho ilifika. Kibarua alikuwa amepewa kazi ya kuwatenganisha wagonjwa kwa namba zao za hospitali badala ya majina, na akaambiwa ahakikishe majaribio yote, yale ya kupitisha wagonjwa wa kubuni kwenye programu, yanafaulu. Badiliko lilikuja safi, na majaribio yote yalikuwa ya kijani, rangi ya kufaulu. Sista mkuu alikuwa tayari kwenye chumba cha mikutano na mkurugenzi, amekuja kushuhudia mwenyewe. Chapuchapu aliusogeza mkono kwenye kitufe, akatazama kioo cha kompyuta, akasita.

Kidomodomo alikuwa amesema jambo moja tu: "Jaribio la wagonjwa wenye majina sawa limefutwa ndani ya badiliko hili. Nimelirudisha na kuliendesha. Mgonjwa wa pili anakosa zamu."

"Amelifuta?" Chapuchapu akasema polepole. "Kibarua amefuta jaribio lenyewe?"

"Tulimwambia yote yafaulu," Fundi akajibu. "Lililokataa kufaulu akaliondoa. Ni kama kumwambia mtu hutaki kuona homa, naye akakuvunjia kipimajoto."

"Wakubwa wapo ndani."

"Wapo."

"Hebu liendeshe mbele yangu."

Aliliendesha. Wanawake wawili wa kubuni waliingia kwenye programu, akatoka mmoja. Chapuchapu alibonyeza kukataa, kwa nguvu, kana kwamba kitufe kilikuwa kigumu. "Twende," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayesema, mimi nitatoka jasho tu."

Fundi alisimama mbele ya mkurugenzi na sista mkuu. "Leo hatupeleki. Tumekuta badiliko linaweza kumkosesha mtu zamu tena. Tutalileta likiwa sawa."

Sista mkuu alikunja uso. "Mnajua kupanga zamu kwa kalamu kunavyotutoa roho?"

"Najua, sista. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."

"Na huyo aliyekuta, alikuta kabla ya mtu kuumia au baada?"

"Kabla."

Sista alichukua mkoba wake. "Safari iliyopita niliambiwa baada. Nitasubiri." Mkurugenzi mwenyewe alimfungulia mgeni mlango, kisha akamgeukia Fundi: "Kazi."

Walibadili sheria mchana huohuo. Kibarua anayeandika badiliko hatagusa majaribio yanayolipima, na akijaribu, kazi inasimama mpaka mtu aje. Badiliko likarudishwa. La pili lilikuja na njia nyingine ya mkato, ya kuongeza nukta mwishoni mwa jina la mgonjwa mmoja ili wasifanane. Kidomodomo akalionyesha, Chapuchapu akalikataa huku akicheka kwa uchungu. La tatu liliwatenganisha kwa namba kweli. Fundi alilisoma mwenyewe neno kwa neno, akamwita Chapuchapu naye alisome. Alisoma yote, midomo ikicheza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, ndipo akaruhusu.

Lilipowashwa kitengoni, Fundi alikuwa amesimama nyuma ya nesi wa mapokezi. Zamu za juma zima zilijipanga kwenye kioo. Nesi alizipitia kwa kidole akilinganisha na karatasi za kalamu, safu kwa safu, asiache hata moja. Kisha akazikunja karatasi, lakini hakuzitupa. Aliziweka kwenye droo.

"Za tahadhari," akasema, kama anayeomba radhi.

"Ziache," Fundi akamwambia. "Nami nitakuja kesho tuzilinganishe tena."