Mfumo wa Pili

Dokata aliweka kiganja juu ya mashine kama mama anayempapasa mtoto kujua kama ana homa. Feni ya kompyuta ilikuwa ikikoroma. Nje, lori la ng'ombe lilibadilisha gia likishika barabara ya Marsabit, na trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi zikatetemeka kidogo.

"Mlibadilisha meza," akasema hatimaye, "lakini mashine ni ileile."

"Ni ileile, Dada Dokata," Mutembei akajibu.

Kwa miaka mingi kiti cha mbele ya mashine ile kilikuwa cha Dokata. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa vipindi katika kituo hicho kidogo cha redio mjini Isiolo, na yeye ndiye aliyempokea Mutembei aliposhuka kutoka Meru akiwa hajui hata kuunganisha kipaza sauti. Alimfundisha kukata maneno bila kuumiza maana. Kisha presha ya macho ikaanza kumla Dokata kimyakimya, ikianzia pembezoni na kusogea katikati, hadi siku aliyotazama skrini na asiyaone mawimbi ya sauti aliyozoea kuyasoma kama wengine wasomavyo magazeti. Alivua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani, akaenda zake nyumbani, mtaa wa Bula Pesa. Mutembei akakalia kiti.

Sasa alikuwa amerudi na ombi. Katika muda wote aliokaa kimya alikuwa akijifunza upya, kwanza katika chuo kimoja cha wasioona, kisha mwenyewe nyumbani, kutumia kompyuta inayosema. Alitaka kuhariri tena. Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti za akina mama wazee wa Garbatulla, alizozirekodi kabla giza halijatimia, na hakuna aliyewahi kuzigusa.

Tatizo lilikuwa mashine yenyewe. Ilikuwa imezeeka, na kituo hakikuwa na nyingine. Walijaribu kuweka programu ya kusoma skrini kwa sauti ndani ya Windows, mfumo walioutumia miaka yote, lakini kompyuta ikalemewa: sauti ilitoka vipandevipande kama ya mtu mwenye kwikwi, na ratiba ya vipindi, iliyokuwa ikijiendesha humohumo, ikaanza kukwama hewani.

"Basi tuweke mfumo wa pili," Dokata alisema. "Linux, ile nyepesi. Inasema tangu dakika ya kwanza. Tunaigawa diski, kila mfumo unakaa upande wake. Ukiwasha huu, ule umelala. Alasiri watangazaji wakiwa hewani moja kwa moja, mashine haina kazi. Hapo ndipo nitakapoitumia mimi. Jioni nakurudishia yako."

Mutembei aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba Dokata hamwoni. "Na tukikosea kugawa?"

"Tukikosea, tunafuta kila kitu."

Alilisema wazi, bila kulipamba. Mutembei angependelea adanganywe kidogo. Ndani ya diski ile mlikuwa na matangazo yote, nyimbo zote, hotuba, adhana na nyimbo za kwaya. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo ambalo hangethubutu kulitamka: tangu Dokata apoteze macho, alikuwa amezoea kumfikiria kama mtu wa kushikwa mkono na kuvushwa barabara. Kumkabidhi mashine ya kituo kizima kulimtia baridi.

Meneja wao, Peris Ekuam, aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama mlangoni.

"Fanyeni Jumapili alasiri," akaamua. "Mimi nitashika hewa kwa simu yangu na mdomo wangu. Lakini mkinifutia redio, mtaenda sokoni kwenye mbuzi mkawatangazie watu kwa kupaza sauti."

Jumapili ilipofika, ilikuwa Ramadhani na Dokata alikuwa amefunga. Kitu cha kwanza alichotaka ni kila faili inakiliwe kwenye diski ya nje. Mutembei alipomaliza na kusema tayari, yeye hakuridhika.

"Fungua tatu nne tusikie. Nataka kujua zimeingia kweli."

Wakasikiliza kipande cha taarifa, kipande cha kwaya, na kicheko cha mama mmoja aliyekuwa akieleza jinsi alivyomkimbiza fisi kwa mwiko. Dokata alitabasamu peke yake. "Haya. Sasa tunaweza kuogopa vizuri."

Kutoka ndani ya mfumo wa zamani walipunguza sehemu yake kwenye diski, na nafasi iliyobaki wakaiacha tupu kama kiwanja kisichojengwa. Alimwongoza Mutembei kuzima ule mtindo wa mashine kujifanya imezimika huku ikilala nusu, akimweleza kwamba ukiingiza mfumo mwingine wakati ule wa kwanza haujazimika sawasawa, faili zinaweza kuharibika. Kisha akachomeka flashi aliyokuja nayo, yenye mfumo mpya.

"Hapa mashine ni bubu," akasema. "Niazime macho."

Mutembei akasoma, akachagua mashine ianzie kwenye flashi. Skrini ikawa nyeusi. Sekunde kadhaa zikapita, kisha kompyuta ikalia *pii*, mlio mfupi mwembamba ambao yeye angeudhania hitilafu. Dokata ndiye aliyekuwa akiungojea. Alibonyeza herufi moja na kitufe cha kuingiza, akaegemea kiti. Muda si muda sauti ikatoka kwenye spika, kavu, kama ya mtu anayezungumzia ndani ya kopo.

"Inasema nini?" Mutembei akauliza.

"Inauliza lugha."

Aliendelea. Sauti ilipomaliza swali, vidole vyake vilikwisha kulijibu. Mutembei alikuwa ametazama watu wengi wakitumia kompyuta, na wote, yeye akiwamo, walikuwa wakihangaisha kipanya huku na huko kama kuku anayetafuta punje. Dokata hakutafuta. Alikuwa na ramani nzima kichwani. Kila alipobonyeza alijua atakachokikuta, na alipokuta kitu kingine alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akasikiliza upya. Hakuwa mwepesi tu, alikuwa mpole. Mutembei aliona kwamba ndivyo alivyokuwa akihariri zamani.

Wakafika kwenye kugawa diski. Sauti ikasoma orodha. Chaguo mojawapo lilikuwa kuitumia diski yote, na lilikaa hapohapo, mstari mmoja tu kutoka kwenye lile walilolitaka. Mutembei alikodolea skrini macho hadi yakamwuma.

"Umeacha kupumua," Dokata akasema.

"Mimi?"

"Nakusikia. Pumua, halafu unisomee mstari uliowaka. Nimeshausikia, lakini hapa nataka tuwe wawili."

Akausoma. Ukawa ni uleule. Dokata akabonyeza, na mashine ikaanza kazi yake ndefu, huku katika chumba cha pili Peris akiwasimulia wasikilizaji wa kaunti nzima habari za harusi ya shangazi yake kwa sababu nyimbo za simu zilikuwa zimemwishia.

Walipoiwasha upya, orodha ikatokea: mfumo mpya juu, wa zamani chini. Mutembei akaujaribu wa zamani kwanza. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kisha Dokata akaingia katika wake, akaongeza jambo dogo: mashine itoe mlio kila orodha inapofunguka, ili ajue ni wakati wa kuchagua bila kumwomba mtu amtazamie. Mutembei hakuwa amejua kwamba jambo hilo linawezekana, wala hakuwahi kujiuliza.

Jumatatu alasiri Dokata akafanya kazi kwa mara ya kwanza. Alipomaliza akaizima mashine, akaiwasha katika mfumo wa Mutembei kama walivyokubaliana, akatoka nje kungoja bodaboda. Watangazaji wakaikabidhi hewa ratiba ya kompyuta. Muziki ukaanza, ukafuatiwa na sauti iliyorekodiwa: "Mchana mwema, msikilizaji popote ulipo."

Mutembei alikuwa akikunja nyaya. Ilimchukua kitambo kutambua kilichosemwa. Kabla hajafika kwenye skrini, simu ya studio ikalia.

"Salaam aleikum," ikasema sauti ya mzee. "Mimi Mamo, niko huku Gotu. Nyinyi redio mko nchi gani? Huku jua linashuka, nyinyi mnatwambia ni mchana. Sisi tunafuturu kwa adhana yenu. Tungoje mpaka saa ngapi?"

Mutembei akatazama saa ya kompyuta. Ilisema saa nane na nusu. Ya ukutani ilisema saa kumi na moja na nusu. Adhana ya magharibi ilikuwa imepangwa ndani ya ratiba ijipige yenyewe, na kwa mwendo huo ingelia watu wakijiandaa kulala. Neno lililomjia mdomoni lilikuwa: nilijua. Alilibeba neno hilo kupita mlangoni, hadi uani, hadi pale Dokata aliposimama na mkoba wake kando ya ukuta, midomo imemkauka kwa saumu.

"Imeharibika," akasema. "Saa imerudi nyuma. Watu wanapiga simu."

"Imerudi kiasi gani?"

"Dada, imerudi sana. Adhana—"

"Mutembei. Kiasi gani?"

"Saa tatu."

"Tatu kamili? Hakuna dakika zilizozidi?"

"Kamili."

Uso wake ukafunguka. Akacheka, kicheko cha mtu aliyepata ncha ya uzi. "Basi hakuna kilichoharibika. Nishike tuingie ndani, mguu wangu umekufa ganzi."

Wakiwa njiani akamweleza. Ndani ya mashine mna saa moja ndogo inayoendeshwa na betri. Mfumo mpya, ukishakaa umewashwa kitambo, huiweka katika saa ya dunia, ile ya Griniwichi, kisha wenyewe hujumlisha saa tatu zetu. Mfumo wa zamani huisoma ilivyo na kuamini kwamba hiyo ndiyo saa ya Isiolo. "Wote wawili wanasema kweli," akasema, "ila hawajakaa kitako wakaelewana."

"Nifanye nini?"

"Rekebisha saa kwa mkono sasa hivi, halafu uanzishe ratiba upya. Adhana itaingia kwa wakati wake. Kesho nikiingia upande wangu nitauambia mfumo ule ufuate saa ya hapa. Nilipaswa kulikumbuka jana. Halikunijia."

Alisema hivyo tu, bila kujitetea na bila kujilaumu, kisha akavuta kiti, akakaa. Mutembei akarekebisha saa. Akampigia Mamo wa Gotu, akamwambia redio imerudi nchini. Lile neno alilokuwa amelibeba hakujua limeangukia wapi.

Dokata hakurudi nyumbani. Alisema anataka kuisikia adhana ikilia kwa masikio yake. Mutembei akaenda kwenye duka la ng'ambo ya barabara, akarudi na tende na chupa ya maji, akamimina maji kwenye bilauri, akangoja nayo. Dirishani rangi ya vumbi iligeuka ya dhahabu, kisha ya zambarau. Peris naye akaja, akaegemea mlango. Mashine ikamaliza wimbo, ikanyamaza mpigo mmoja, na sauti ya mwadhini ikapanda, ikajaza chumba, ikatoka kwenye redio ya duka la ng'ambo, na bila shaka ikafika Gotu na mbali zaidi.

Mutembei akamwekea Dokata bilauri mkononi. Alikunywa polepole, macho yameelekea mahali pasipokuwa na kitu, na Mutembei akajiona akimtazama kama alivyomtazama zamani, siku zile za kwanza, alipokuwa kijana asiyejua kitu na yeye akijua kila kitu.

Mwezi ulipokwisha, mama wa kwanza wa Garbatulla alikuwa ameshasikika hewani. Watu walipiga simu kuomba kipindi kirudiwe. Mutembei alikisikiliza akiwa peke yake, akagundua mahali ambapo yeye angekata: kimya kirefu baada ya mama huyo kutaja jina la mwanawe. Dokata alikuwa amekiacha chote.

Alasiri iliyofuata alimkuta kwenye mashine, sauti ya kopo ikimwagika kwa kasi isiyoweza kufuatwa na sikio la kawaida. Alisimama nyuma yake.

"Sema," Dokata akasema, bila kugeuka.

"Nifundishe."

"Kuhariri? Si nilishakufundisha?"

"Kuhariri hivi."

Dokata akafikiri. Akainuka, akamwachia kiti, akasimama kando yake mkono ukiwa juu ya mgongo wa kiti hicho. "Kwanza zima hiyo skrini. Ukiiona utadanganya."

Mutembei akanyoosha mkono, akaizima. Mbele yake kikabaki kioo cheusi chenye kivuli cha uso wake, na hata hicho akaona ni kingi, akafumba macho.

"Usibonyeze kitu," Dokata akasema. "Sikiliza."

Sauti ikaanza kukimbia. Hakushika hata neno moja. Akaomba irudie.