Makubadhi Kizingitini kwa Bi Time

Bakar alipomwambia shangazi yake kwamba anataka kumwoa Duni wa kisiwa cha Fundo, Kazija aliweka chini ungo wa mchele.

"Baba yake nani?"

"Baba yake yuko bara, Shangazi. Alikwenda Tanga kutafuta kazi, Duni akiwa mdogo na yule wa mwisho hajazaliwa. Akaoa huko huko, na talaka akampa baharia aje aiseme kwa mdomo."

"Na watoto kawalea nani?"

"Mama yao, Bi Time."

"Na nani?"

"Peke yake."

Kazija aliuokota ungo wake, lakini mchele hakuupeta. Hilo "peke yake" halikumkaa sawa. Bakar alifiwa na wazazi wake kwa ndui angali hata hajatembea, na yeye Kazija, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyemlea hapo Konde. Neno la ndoa ya kijana huyo lilikuwa lake, yeye na mumewe Abrahman, mwenye duka la kamba na majamvi.

Jioni, wakila, alimweleza mumewe. Abrahman aliacha kutafuna.

"Time? Yule wa Fundo? Mwambie kijana atafute kwingine."

"Kwa nini?"

"Mwanamke hana mume miaka yote hiyo, na watoto wake hawalali njaa. Nani awalisha? Fikiri mwenyewe."

Kazija hakuhitaji kufikiri sana. Yeye mwenyewe alikuwa akisema maneno kama hayo. Mwanamke aliyeachwa akihamia mtaani kwao, alikuwa wa kwanza kuwaambia wenzake wawachunge waume zao. Kwa akili yake, nyumba isiyo na mwanamume ilikuwa na wanaume wengi. Na kabla ya wiki kwisha, Konde nzima ililijua jambo la Bi Time, kwa sababu Abrahman alilirudia barazani msikitini mbele ya wanaume wenzake: kwamba nyumba ile ya Fundo haina mwenyewe, na mlango wake haufungwi.

Bakar alikonda. Hakubishana na wakubwa wake, ila aliacha kula nyumbani. Kazija akaona amalize mambo kwa macho yake.

"Nitakwenda Fundo," alimwambia mumewe.

Abrahman alitua kikombe cha kahawa. "Kufanya nini? Si nishakwambia?"

"Mtoto ni wangu. Nataka kuona."

"Bahari mbaya siku hizi."

Bahari ilikuwa shwari, na kila mtu Konde alijua hivyo. Kazija alimtazama mumewe, naye akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Kazija aliona kuna jambo, lakini hakujua alitie fungu gani.

Ilikuwa wakati wa vita vya Mwingereza na Mjarumani. Magari ya abiria yalikuwa machache kwa uhaba wa mafuta, na Kazija alifika Wete amebanwa baina ya magunia ya muhogo. Akavuka kwa mtumbwi. Alikwisha kupanga la kusema: amekuja kutafuta kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kwa ajili ya duka. Fundo hakuna pa kupanga chumba, na mgeni hulala kwa mwenye kamba.

Bi Time alimpokea uani. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono imekauka na kupasuka kwa makumbi ya nazi. Hakuwa na maneno mengi.

"Watoka wapi, dada?"

"Konde."

Time alimtazama kidogo zaidi ya mgeni anavyotazamwa. "Karibu. Kamba zipo, na nyingine twazisokota. Utangoja."

Kazija akangoja, na akatazama. Alitazama chungu kina nini, akatazama mikeka ni mingapi na imekunjwa vipi. Duni alimletea maji ya kunawa akiwa ameinamisha kichwa, na Kazija akajiuliza adabu ile ni yake au ya kuazima. Mtoto wa mwisho, Mwanamize, alikaa karibu naye akimwonyesha kifuu alichokitoboa, na Kazija akawa anatafuta katika uso wa mtoto pua ya mtu asiyemjua.

Maji yalipokupwa, Time alishuka pwani kufukua makumbi yaliyozikwa kwenye tope yalainike, akarudi nayo kichwani, tope likimchuruzika shingoni. Akayaponda kwa rungu mpaka nyuzi zikaachana. Alipomaliza alipanda juu ya paa kubadilisha makuti yaliyooza. Vijana wawili waliokuwa wakipita wakacheka. Time hakugeuza hata kichwa.

Anafanya hivyo kwa kuwa mimi nipo, Kazija alijiambia. Nikiondoka atakuja mwenye kuezeka.

Kesho yake asubuhi kisimani alikutana na jirani, mwanamke mnene aliyejitaja jina lake Mwanawema, ambaye aliacha kuteka maji mara moja.

"Wewe ndiye uliyefikia kwa Time? Haya. Utajionea."

"Nitajionea nini?"

"Miye sisemi." Akasogea karibu. "Wee ulipitia uani, si ndiyo? Mlango wa mbele hujaufika. Kizingitini pana makubadhi ya mwanamume. Mwaka sasa. Mwenyewe hatujapata kumwona. Huingia lini, hutoka lini? Basi, sisemi tena."

Kazija alirudi ndoo ikimwagika. Hakuingia uani. Alizunguka mbele.

Makubadhi yalikuwapo, yamepangwa vizuri, ncha zimeelekea ndani, kama ya mtu aliyeyavua sasa hivi akaingia. Kazija akatabasamu peke yake, kwa kuwa alichokuja kukitafuta kilikuwa kimewekwa mlangoni. Akainama ayatazame.

Gidamu la kulia, ule ukanda wa kushika mguu, lilikuwa limebadilishwa. Mahali pa ngozi ya ng'ombe palitiwa kipande cha ngozi ya mbuzi, kingali na manyoya meupe. Mshona viatu wa Wete aliishiwa ngozi wakati ule, vita vimekwisha kuanza, na alimwomba radhi mteja wake kwa kazi mbaya. Mteja alikuwa Kazija mwenyewe. Makubadhi yalikuwa ya Abrahman. Alisema yaliibwa Wete siku ya Ijumaa, nje ya msikiti.

Kazija alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Basi kila kitu kikajipanga. Ndiyo maana bahari ilikuwa mbaya. Ndiyo maana hakutaka Bakar amwoe Duni, kwani mtu hawezi kuwa mkwe wa nyumba anayoiingia kwa siri. Ndiyo maana watoto hawa hawalali njaa. Alikumbuka mara zote Abrahman alizokwenda kununua kamba Fundo, na alivyokuwa akirudi akiimba.

Siku ile Kazija hakula. Time alimpakulia pweza aliyemvua mwenyewe mwambani, na Kazija akamega mara moja, akanawa. Usiku alilala macho wazi akinusa mto, akitafuta harufu ya mumewe. Mto ulinuka mafuta ya nazi.

Asubuhi, Duni na mdogo wake walipokwenda kuni, Kazija alikaa mbele ya Time, ambaye alikuwa akisokota kamba juu ya paja.

"Bi Time. Makubadhi yale ya mlangoni ya nani?"

Time hakuacha kusokota. "Ya mumeo."

Kazija alikuwa amejiandaa kusikia uongo.

"Wanijua, basi?"

"Nilikujua ulipotaja Konde. Bakar amezungumza habari zako mpaka mwanangu akitaja shangazi anamaanisha wewe. Nikasema nisikutangulie. Ukitaka kamba utapata kamba. Ukitaka kuuliza, uliza."

"Nimeuliza."

Time akaweka kamba chini.

"Alikuwa akija kununua, kama wanunuzi wengine. Masika ya mwaka jana alikuja alasiri, watoto wako chuoni kusoma Kurani, mvua ikamkuta hapa. Akavua viatu kama mgeni mwema, akasema ataingoja ikatike. Nikampa kigoda. Kisha akaanza maneno. Akaniambia mwanamke kama miye hana tena cha kulinda, basi najipa taabu ya nini. Nikamwambia atoke. Akacheka, akanishika mkono." Alionyesha kifundo cha mkono, kana kwamba alama ingalipo. "Nilikuwa naponda makumbi, dada. Rungu lilikuwa mkononi. Nikampiga nalo begani. Akatoka mbio kwenye mvua, pekupeku."

Kazija alitaka asiamini. Alijitafutia njia, akaiona moja.

"Bega lipi?"

"La kushoto."

Masika ya mwaka jana Abrahman alirudi nyumbani bega la kushoto limevimba na kuwa jeusi. Alisema ameanguka garini. Kazija alimkanda kwa mafuta ya karafuu mpaka vidole vikamwasha, na kwa muda mrefu mumewe akisali hakuweza kuinua mkono ule kufika sikioni.

Kuku alipita baina yao.

"Kwa nini hukusema?" Kazija aliuliza, na sauti yake haikuwa ile aliyokuja nayo.

"Nimwambie nani? Mwanawema? Wangeniuliza kwanza nilimfanya nini hata akaingia. Nawe ungeuliza hivyo hivyo. Usinune, ungeuliza."

Kazija hakununa. Alijua angeuliza.

"Na viatu? Si ungevitupa baharini?"

"Nilitaka. Nikawa na kazi, vikalala pale mlangoni siku kadhaa. Kuna watu, dada, walikuwa wakipita mbele ya nyumba yangu jioni wakikohoa. Wengine hugonga, husema wamepotea njia. Fundo hii! Nani apotee njia Fundo? Tangu viatu vile vikae pale, hawakohoi tena. Wanadhani mna mwanamume ndani. Wanawake wenzangu wananisema, nawasikia. Lakini wanangu wanalala bila kushtuka. Nikaona wacha wanisemeseme."

Kazija alifunika uso kwa ncha ya kanga. Time hakumbembeleza. Alichukua kamba yake akaendelea, na baada ya muda akasogeza mafungu ya nyuzi mbele ya mgeni, na Kazija akaanza kumchambulia.

Mchana Kazija alisema, "Nataka nimpose Duni. Mimi mwenyewe, kwa niaba ya Bakar."

"Ngoja kwanza. Umekaa kwangu, umetazama mpaka ndani ya chungu. Sikukukataza, mwana ni wako. Nami ni mama. Mwanangu anakwenda kuishi na nani?"

"Hatakaa kwangu. Bakar amepata kiwanja karibu na soko, atajenga."

"Vizuri. Lipo jingine. Mumeo amenisema msikitini, mbele ya watu. Habari hufika. Neno lile alirudishe pale pale alipolisema, kwa mdomo wake. Msamaha wa chumbani siutaki, haunisaidii kitu."

Kazija alirudi Konde amebeba kamba zake. Abrahman alikuwa dukani peke yake. Alisimama upesi mno.

"Enhe? Umeonaje? Si nilikwambia?"

Kazija alishusha mzigo, akavua buibui, akalikunja taratibu.

"Waonaje bega lako la kushoto siku hizi?"

Abrahman alifungua mdomo. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe kwenye bega, kisha akaushusha haraka.

"Amekwambia nini yule mwanamke? Mwanamke kama yule hutunga—"

"Sikukuuliza habari za Time. Nimekuuliza bega."

Abrahman alianza kupanga majamvi yaliyokwisha kupangwa. Nje alipita mtu akatoa salamu, na hapana aliyeitikia.

"Mimi nilikuwa nakukanda," Kazija alisema. "Nilikukanda mpaka nikalia kwa kukuonea huruma."

"Kazija, ni shetani tu. Siku moja tu."

"Na maneno ya barazani, alisema shetani?"

Alimweleza analotakiwa kufanya. Abrahman alikataa. Akasema heshima yake itakuwa wapi. Kazija akamwambia kama hataki, basi yeye atapanda gari kwenda Wete kwa kadhi, aeleze bega lile lilivyovimba, na watu wa Konde wamsikie kutoka huko.

"Nitasema nini mbele yao?"

"Sema ulisema uongo. Sababu kaa nayo mwenyewe."

Alisema siku ya pili baada ya sala ya alasiri, kwa sauti ya haraka, macho juu ya mkeka. Kwamba aliyoyasema juu ya mama yule wa Fundo hakuyaona, na anamwomba Mungu amsamehe. Wazee wakaitikia amin. Lakini njiani wakirudi walitazamana, na mmoja akauliza ni nini kinachomfanya mtu arudishe neno ambalo hakuna aliyemdai. Tangu siku hiyo, kila Abrahman alipojiunga na baraza, mazungumzo yalipungua.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno ya karafuu. Ami yake Duni, ambaye katika miaka yote hakuwapelekea hata dafu, alikuja Konde amevaa kanzu mpya, kwa kuwa, baba akiwa bara, yeye ndiye walii wa kumwozesha. Kazija alimngoja mlangoni.

"Shehe, kabla hujakaa, nenda kamwulize mama yake kama ameridhia. Sisi tunasikiliza."

Yule bwana alishangaa, lakini wanawake wote walikuwa wakimtazama, akaenda. Time alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wakubwa, na mikono yake iliyopasuka imetulia mapajani.

"Nimeridhia," alisema. Sauti yake ilisikika mpaka uani.

Kazija hakuachana na Abrahman. Wenye kujua walimwuliza kwa nini, naye hakuwajibu. Alihamishia kitanda chake chumba cha pili, na dukani akawa anakaa yeye, akinunua kamba za Time bila kupitia kwa mtu. Siku hizi Abrahman akienda Wete hueleza, bila kuulizwa, gari alilopanda, aliokaa nao, na msikiti aliosali. Kazija humsikiliza mpaka mwisho. Kisha humwuliza tena tangu mwanzo.