Namba Moja, Matumbo Matatu

Mimi Idarusi, fundi redio wa mtaa wa Makorora, nina ugonjwa mmoja: neno "sijui" linanikwama kooni. Ndiyo maana Jumatatu ile ya mwaka tisini na saba, Mwanasiti alipoingia kibandani kwangu amekumbatia kompyuta iliyofungwa kanga, nilimjibu kabla sijaulizwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Weka hapo. Itapona."

Mwanasiti ni binti wa kijiji cha Kigombe, karani wa kikundi kinacholinda Mwamba Chewa. Mwamba ule wa baharini ulipigwa baruti na wavuvi mpaka ukabaki kifusi, wanakijiji wakaufunga miaka miwili asivue mtu. Kila mwezi wenzake walipiga mbizi wakahesabu samaki na kuandika kwa penseli juu ya vibao vya plastiki, naye akaziingiza hesabu kwenye kompyuta. Vibao vilikuwa sita tu, kwa hiyo kila akimaliza alivisugua kwa mchanga vitumike tena. Flopi zake za nakala ziliota ukungu. Printa walikuwa wameahidiwa tu. Kisha Jumamosi jenereta la kijiji likarusha umeme, kompyuta ikatoa moshi.

"Alhamisi kuna mkutano Muheza," aliniambia. "Vijiji vya jirani vinataka mwamba ufunguliwe, ati hakuna samaki aliyerudi. Wazee wamekubaliana hesabu ndizo zitakazoamua. Nikienda mikono mitupu, unafunguliwa siku ileile. Na baruti zitarudi, baba."

Nilifungua kompyuta nikatoa diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kumbukumbu zote. Kumbukumbu zenyewe zimo ndani, kwenye sahani zinazozunguka, nazo zilikuwa salama. Kilichokufa ni bodi, ule ubao wa saketi uliofungwa kwa nje, chini ya kisanduku. Chipu moja ilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Nikacheka. Kazi hiyo niliijua tangu miaka ya dhiki.

Miaka ile madukani hakukuwa na sabuni, sembuse spea. Tulitengeneza redio kwa redio. Zote zilitoka kiwanda kimoja. Ukiona namba ya modeli ni ileile, basi ndani ni vilevile mpaka skrubu ya mwisho. Iliyokufa tuliichinja ikaponya nyingine. Ukikosa ya kuchinja, uliazima kiungo kwenye redio nzima ya jirani, ukakirudisha haja ikiisha. Hakuna aliyeona ajabu.

Nilikwenda kwa Abdulghani, muuza vifaa wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Tangu enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, duka lake limejaa mizigo ya Dubai hadi dari. Akanipa diski mpya yenye namba ileile. Nikahamisha bodi yake kwenye diski ya Mwanasiti, skrubu nne tu, nikawasha.

Ka. Ka. Ka. Ikanyamaza.

Nilirudia mara tano. Mwanasiti alikuwa akiniangalia mikono tu, na hilo liliniudhi kuliko kama angenilaumu. Nikamwambia kwa ukali aende akapumzike. Kwa kweli nilikuwa naogopa.

Jumanne asubuhi nilimvamia Abdulghani.

"Wee Abdulghani, unauza vitu bandia!"

"Yakhe, punguza sauti, nina wateja. Bandia kivipi?"

Akashusha boksi zima kwa hasira, akazipanga diski tatu juu ya kaunta, juu chini. Tukainama wote wawili. Lebo moja, namba moja, bei moja. Bodi ya kwanza ilikuwa na chipu tatu, ya pili mbili. Ya tatu hata rangi yake ilikuwa nyingine, na plagi ya mota imekaa upande wa kushoto.

"Wallahi," akasema Abdulghani, "mimi nauza namba. Sijawahi kuzitazama tumboni."

Na mimi je? Miaka ishirini nilikuwa naiamini namba kuliko macho yangu. Nilichukua lenzi nikaisoma ile bodi iliyoungua. Pembeni, karibu na tundu la skrubu, kulikuwa na herufi ndogo na tarakimu mbili ambazo siku iliyotangulia nilizipita bila kuzijali. Tukapekua duka lote. Hakuna iliyofanana.

"Ile ya Kigombe ilitoka mzigo wa kwanza," Abdulghani akakumbuka. "Zilikuwa nne. Mbili zilikwenda Pemba. Ya nne aliichukua Praxeda wa shule ya taipu."

Aliposema Praxeda, nilitamani angetaja mtu mwingine yeyote.

Praxeda, Mbondei wa Muheza, alikuwa jirani yetu Makorora mwaka themanini na tatu, karani wa ofisi ya serikali. Siku ya mwandamo wa Idi redio ya mtaa ilikufa, nikaenda kumwomba aniazime transista, kiungo kidogo cha ndani ya redio yake, ili watu wasikie tangazo. Yeye si Mwislamu, lakini aliifungua redio yake mwenyewe akanipa hiyo transista. Nikaiunguza kwa pasi ya kuchomelea, kwa pupa yangu. Nikamrudishia nikimwambia ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Alikaa miezi saba bila redio.

Sasa alikuwa amepunguzwa kazi, amefungua shule yake yenye mashine za taipu na kompyuta moja, na wanafunzi wake thelathini walikuwa na mtihani Ijumaa. Jumatano asubuhi mimi na Mwanasiti tukasimama mlangoni kwake. Nilimweleza kila kitu: mwamba, mkutano, bodi.

"Ukiifunga bodi yangu kwenye diski yake, itafanya kazi?" akauliza.

"Nimepima mota kwa mita, haina shoti. Kama alama za yako zinafanana na za yake..." Nikasita. "Sijui, Praxeda. Yaweza kuungua hata hiyo yako. Na ile transista yako haikuwa mbovu. Mimi niliiunguza. Nilikudanganya."

Wasichana nyuma ya Praxeda waliacha kutaipu.

"Nilijua," akasema. "Redio ilikuwa ikiimba asubuhi ileile, Idarusi. Nimengoja miaka kumi na minne kukusikia ukisema hujui." Akachomoa waya wa kompyuta ukutani. "Kwa kuwa leo umeogopa, naamini utakwenda polepole. Fungua."

Nilikwenda polepole. Nililinganisha alama kwa lenzi mara tatu, nikampa na Mwanasiti azisome kwa sauti. Skrubu nne. Nikawasha kompyuta ya shule.

Diski ikavuma, ikapanda, ikatulia kwenye mvumo mmoja. Mwanasiti akaweka vidole kwenye kibodi. Kwenye kioo zikatokea safu: mwezi wa kwanza, chewa wawili, mwezi wa ishirini na nne, chewa thelathini na wanane. Alilia waziwazi, nami sikumkataza, maana machozi yangu mwenyewe yalikuwa karibu. Tukanakili kila kitu kwenye ile diski mpya ya Abdulghani, niliyokwisha kuirudishia bodi yake yenyewe. Kisha nikairudisha bodi ya Praxeda mahali pake, tukachapa karatasi kwa printa ya shule.

Alhamisi nilishinda pale shuleni, nikijidai natengeneza swichi ya feni. Saa tisa alasiri simu ikalia. Praxeda akapokea, akasikiliza, akanipa mkonga wa simu.

"Baba!" Mwanasiti alikuwa anapiga kelele. "Haufunguliwi! Miaka mitatu mingine! Watu wa vijiji vya jirani wamehesabu wenyewe karatasi kwa karatasi, na wawili wao wanataka kuja kupiga mbizi na sisi!"

Niliweka simu chini. Praxeda alikuwa amesharudi kwa wasichana wake, ameketi mbele ya kompyuta.

"Inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Njoo uitazame mwenyewe," akasema, akanisogezea kiti.