Mpira wa Mwashi na Kabureta Mbili

Pikipiki ya mkunga ilirudi kwa mara ya tatu Jumamosi asubuhi, ikitetemeka utadhani ina homa. Mkunga mwenyewe aliizima langoni, akavua kofia yake, akamkabili fundi bila salamu ndefu.

"Fundi, juzi nimefika kwa mzazi vidole vimekufa ganzi. Nami ndiye wa kumpokea mtoto. Leo ikishindikana, niambie ukweli tu, niende kwingine. Sitakununia."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuwa fundi wa kubahatisha huyu. Watu walimwita Fundi Sikio, na jina alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na mitano alisawazisha injini zenye kabureta mbili kwa kusikiliza tu. Alichomeka mpira mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto, ncha zake za pili akazielekeza kwenye midomo ya kabureta, kila upande na wake, kisha akachezea skrubu ya katikati, ile inayofungua moja na kubana nyingine, mpaka mivumo miwili ikawa mmoja. Wateja walipenda kumtazama, wakitaniana kwamba daktari yuko kazini. Kilichokuwa siri yake ni kwamba tangu mwaka jana sikio la kulia lilikuwa linafifia. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Yeye mwenyewe alijikausha, akajipa moyo kwamba ni mafua ya muda mrefu.

Mkunga aliketi kwenye benchi kungoja. Fundi akavua kiti cha pikipiki na mabamba ya pembeni, akachuchumaa, akashika tama. Angeshika tama mpaka adhuhuri kama si shemeji yake, mwashi, aliyekuwa anawajengea jiko jipya hapo hapo uani, hatua chache kutoka karakana. Mwashi alikuwa na mpira mrefu wa plastiki, ule unaoonyesha kilichomo ndani, ameujaza maji. Ncha moja aliishika yeye, nyingine aliishika dada yake, mke wa fundi, kwenye pembe ya pili ya ukuta.

"Inua kidogo, dada. Basi! Hapo hapo. Tia alama."

Fundi alikuwa ameyaona hayo mara mia, lakini siku hiyo ndiyo yalimwingia. Maji yale yalitafuta usawa yenyewe, na mtu alihitaji macho tu kuyasoma. Sasa je, kila kabureta ikiyavuta kwa upande wake? Ipi ingeshinda? Alisimama ghafla hata goti likalia.

"Shemeji, nikatie mita mbili za huo mpira."

"Nikukatie! Unataka jiko la dada yangu liinamie kama mlevi?"

Alilalamika, lakini kisu alishatoa. Udadisi ulikuwa umemshika na yeye.

Fundi aliukunja mpira, akaugongomea kwenye ubao, tumbo chini na ncha mbili juu, akachora mistari ya kupimia. Maji aliyakataa, maana yakinyonywa ndani yangeiharibu injini. Alitia mafuta ya injini kiasi, ambayo hata yakinyonywa yangetoa moshi tu. Ncha mbili akazichomeka kwenye vitundu vidogo vilivyo kati ya kabureta na injini, akawasha.

Mafuta yalirukaruka ovyo, juu chini, hayasomeki. Fundi akazima, akapekua kopo lake la takataka za chuma, akapata jeti mbili kuukuu, vipande vya shaba vyenye tundu la kupita sindano. Akavisukuma ndani ya mpira, kimoja kila upande, kuibana pumzi ya injini. Alipowasha tena, mafuta yalitulia, halafu yakaanza kupanda taratibu upande wa kushoto.

"Ahaa! Wa kushoto ndiye mroho," alisema. "Ngoja nimbane."

Alimbana. Mafuta yakapaa kushoto, yakamezwa yote, na moshi wa buluu ukafunika ua mzima. Mkunga alikohoa mpaka machozi, mwashi hakuwa na mbavu kwa kucheka, na mke wa fundi alikimbilia nguo zake kwenye kamba huku akimwita mumewe majina yote isipokuwa lake.

"Nimembana, kumbe ndiyo anazidi kuvuta!" fundi alishangaa.

"Wewe ukibanwa pua huvuti kwa nguvu?" mkewe alimjibu, nguo begani. "Si unakoroma vile kila siku?"

Fundi aliiachia skrubu. Mke alikuwa amesema kweli. Anayevuta kwa nguvu ndiye aliyezibwa. Aliongeza mafuta mapya na kuigeuza skrubu upande mwingine, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Mafuta yakaanza kushuka. Nusu. Mzunguko mzima. Mzunguko na nusu, na pande mbili zikakaa kwenye mstari mmoja. Mtetemo ukaisha. Mwashi alipiga makofi.

Fundi hakupiga. Alikuwa anahesabu. Mzunguko mzima na nusu! Hata mwanagenzi hakosei kiasi hicho. Na iliyokuwa imefunguliwa kupita kiasi ilikuwa ya kulia. Yeye ndiye aliyeifungua, mara tatu, kwa kuwa kila aliposikiliza aliisikia hafifu. Pikipiki haikuwahi kuugua. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikaja hofu, maana kazi nyingine hakuijua.

Mkunga alizunguka mtaa mara mbili, akarudi ameachia meno yote nje.

"Fundi Sikio! Umesikia inavyonguruma sasa?"

Angeitikia tu, mambo yakaisha. Badala yake alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sijasikia vizuri, mama. Nimeona kwenye ubao. Sikio la kulia limekwisha. Makosa yote matatu yalikuwa yangu."

Mkunga alifungua mdomo aseme neno, lakini mke wa fundi alimtangulia. Aliweka nguo kwenye benchi, akaja akasimama karibu na mumewe, upande wa kushoto, aliozoea kusimama siku hizi.

"Na mimi unadhani nilihamia kushoto kwako kitandani kwa sababu ya godoro?"