Zamu ya Mume wa Mgombea

Mke wangu, Namalwa, anagombea urais wa nchi hii. Nalisema mapema kwa sababu wako watu hapa mtaani Munyaka ambao mpaka leo wanaona ni mzaha. Mmoja wao alikuja karakanani kwangu kuniuliza kama tukihamia Ikulu nitaendelea kutengeneza vitanda au nitakuwa nikivilalia tu. Nilimwambia kitanda alichoagiza kitachelewa, na kikachelewa. Mimi ni seremala, jina langu Wakoli, na hasira zangu haziko mbali.

Namalwa alikuwa mwalimu wa hesabu, kisha mwalimu mkuu, kisha kiongozi wa walimu aliyewatoa jasho mawaziri. Chama chake ni kidogo, na ofisi yake iko juu ya duka la vyuma. Wagombea wengine walizindua ahadi zao kwa vitabu vinene vyenye picha za barabara ambazo hazijajengwa. Yeye alisimama uwanjani hapa Eldoret na karatasi chache, akazisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho: afya, kilimo, shule, kazi, vitambulisho, kodi. Hakucheza ngoma wala hakurusha kofia.

Cha kwanza kilikuwa afya. Alisema yeyote anayelipwa kwa kodi ya wananchi, kuanzia rais mpaka diwani, yeye na watu wa nyumba yake watatibiwa katika hospitali ya serikali, na foleni itakuwa moja. Watu walishangilia mpaka vumbi likapanda. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, viganja vikawaka. Haikunipitia akilini kwamba watu wa nyumba yake ni mimi.

Baada ya muda nikainua ubao mbichi wa saipras nikahisi kitu kimeshuka kinenani. Ilikuwa ngiri. Wanaume wenzangu wanajua si ugonjwa wa kutangaza, na mimi ningeuficha mpaka kaburini kama nisingeshindwa kusimama wima. Rafiki mmoja mwenye uwezo akajitolea kunipeleka hospitali ya kulipia, yenye pazia na chai ya maziwa kitandani. Namalwa akaniambia, "Baba Joy, mimi bado si rais na hiyo sheria bado haiko. Enda mahali utapona haraka." Nikamuuliza kama anataka nimtie aibu mbele ya nchi nzima. Nikaenda hospitali ya serikali kwa miguu yangu, kichwa juu, mkono mmoja umeshika suruali.

Kichwa hicho kilishuka nilipoona wodi. Mimi hutengeneza vitanda vya mtu mmoja na vya watu wawili, na kile kilikuwa cha mtu mmoja. Tulilala wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Mwenzangu alikuwa Ibrahim, dereva wa malori ya Lodwar, mtu mrefu kupita godoro, mwenye mawe kwenye nyongo. Kwa muda wote tuliolala pamoja, miguu yake ilikuwa jirani ya pua yangu, na sikuwahi kusikia akilalamikia yangu.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "nikuambie ukweli ndiyo tusikosane. Bibi yako ni mtu mzuri, lakini kura yangu haiko kwake."

"Na miguu yako iko kwangu," nikamjibu. Tukawa marafiki.

Chumba kimoja cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, mashine imeharibika. Kile kingine kilikuwa cha ajali na akina mama wa kujifungua, na sisi wengine tulingojea nafasi ikibaki. Daktari alinieleza kwamba ngiri yangu ikikwama nitakimbizwa saa hiyo hiyo, na isipokwama nitangoja zamu. Ibrahim alikuwa ameshatayarishwa mara mbili, akashinda na njaa kutwa, kisha jioni akaambiwa ale, si leo. Akikamatwa na yale maumivu ya nyongo alikuwa anauma kona ya blanketi ili asipige kelele mbele yetu. Sasa alikuwa ameambiwa kesho asubuhi yeye ndiye wa kwanza, na mkewe Maryam alikuwa ameshapita kumwombea dua.

Namalwa alikuja saa ya kuona wagonjwa, amejifunga leso, ameshika thamosi ya uji wa wimbi. Alikuwa amemwacha mpiga picha wa kampeni langoni. Nicanor, mratibu wake wa kampeni, aliingia nyuma yake na simu mbili na uso wa mtu aliyenyimwa kitu. Mke wangu akanimiminia uji bila kuniuliza, maana mgonjwa haulizwi uji, akammiminia na Ibrahim. Kabla sijafika nusu ya kikombe, wodi ikaanza kumhoji.

Wa kwanza alikuwa Mzee Johnstone, mkulima wa mahindi kutoka mji mdogo wa Ziwa, aliyekuwa kitanda cha dirishani.

"Mama, mwaka uliopita mbolea ilifika mahindi ikiwa imenifika magoti. Wewe utafanya nini?"

"Mzee, sitakudanganya ati serikali itanunua mahindi yako bei ya juu na hiyo hiyo siku unga iwe bei ya chini. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na hiyo hesabu haitoki. Kile nitafanya, mbolea itakuwa imefika kabla ya mvua. Na mashine ya kukausha mahindi iletwe huko kwenu, ndiyo usiuzie broka mahindi ikiwa mbichi juu ya kuogopa itaoza."

Mzee Johnstone akasema wengine walimwahidi vyote viwili. Namalwa akamuuliza kama alivipata. Mzee akageukia dirisha akacheka peke yake.

Byron, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu kule mtaa wa Pioneer, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Madam, na sisi vijana, sisi mayut? Kila mtu akikuja hapa ni kazi, kazi, kazi. Mimi niko na diploma ya mambo ya stima na niko kwa boda."

"Unataka nikuahidi kazi?"

"Eeh."

"Hiyo siwezi. Lakini serikali ikijenga shule huko kwenu, waya za hiyo shule zitafungwa na fundi wa huko huko, na alipwe akimaliza, si watoto wakishakuwa wazazi. Hiyo naweza, juu inataka tu sheria na mtu wa kuifuata."

"Hiyo ni kidogo, madam."

"Ni kidogo, lakini ni ya ukweli."

Nilikuwa nimelala pale nikimtazama, na fahari ikanijaa mpaka nikasahau kinena. Nimemsikia akihutubia maelfu, lakini sijawahi kumpenda kama nilivyompenda akijibizana na watu wenye mabomba puani, bila kipaza sauti, akikataa kuahidi asichonacho. Nilitamani yule jamaa wa kitanda kilichochelewa angekuwepo aone.

Ibrahim akamaliza uji wake. Kisha akaweka kikombe chini. "Mama Joy, msichana wangu Ayan amezaliwa hapa Eldoret. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa. Alienda kuchukua kitambulisho wakamuuliza babu yake alizikwa wapi. Sisi wenye majina haya, kila serikali inatuambia hiyo itaisha."

"Joy wangu hakuulizwa kaburi la mtu," Namalwa akasema. "Maswali yatakuwa yale yale kwa kila mtoto. Akiulizwa mmoja, waulizwe wote, hata wa waziri. Utaona vile hayo maswali yataisha haraka."

Ibrahim akatikisa kichwa polepole, kwa namna ambayo sikujua ni ndiyo au siyo. Mzee Johnstone akauliza pesa za hayo yote zitatoka wapi, na mke wangu akajibu kwamba zitaanza kutoka kwao wakubwa: magari, safari, na matibabu ya ng'ambo. Hapo Byron akacheka mpaka akashika mguu wake.

"Madam, hapo ndiyo huwa tunaachana na nyinyi. Mkuki kwa nguruwe."

Kicheko hakijaisha, Sista Jepchumba akaingia. Ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi yetu, mwanamke mkali ambaye hata maumivu yalimwogopa. Siku hiyo alitembea kama ametumwa. Alisimama miguuni pa kitanda chetu, yaani kichwani pa Ibrahim, akaongea akiangalia ukuta.

"Mzee Wakoli, usikule kitu kuanzia saa nne usiku. Kesho wewe ndiye wa kwanza kupasuliwa thieta."

Nitasema nilichohisi. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ule uvimbe, nimechoka na blanketi ya kugawana, na Jumamosi kulikuwa na mkutano mkubwa wa kampeni hapa mjini. Wapinzani walikuwa wameshaeneza kwamba mume wa Namalwa amemtoroka, kwamba mwanamke asiyeweza kuweka nyumba hawezi kuweka nchi. Kila mtu alikuwa anataka nionekane nimesimama kando yake. Mimi nilitaka kuliko wote.

Namalwa akafunga thamosi. "Sista, kesho wa kwanza alikuwa nani?"

Macho ya Jepchumba yalishuka kwa Ibrahim. Ibrahim naye akawa anaangalia mikono yake.

"Nani amebadilisha?"

"Mimi nimeambiwa tu, mama. Imetoka juu."

Mke wangu akageuka akamtazama Nicanor. Alimtazama vile alivyokuwa akitazama mtoto aliyeandika jibu sahihi bila kuonyesha njia. Nicanor akazirudisha simu zote mbili mfukoni.

"Madam, ni simu moja tu nilipiga," akasema kwa sauti ya chini, ambayo wodi nzima iliisikia. "Jumamosi tunamhitaji. Bila yeye, hiyo story ya kukutoroka itatumaliza."

Byron aliacha kucheka. Namalwa akanigeukia, na hakuniuliza kwa mdomo. Tumeoana muda mrefu, na yale macho nayajua: yalikuwa yakiniomba ruhusa ya kuirudisha ile zamu. Kama ningetikisa kichwa kukataa, sijui angefanya nini, na sidhani yeye alijua. Uvimbe ulikuwa unapiga kama nyundo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema daktari ameshaamua, tuache maneno. Kisha Ibrahim akasogeza miguu yake pembeni, taratibu, kunipa nafasi. Alidhani ameshapoteza zamu ya tatu, na bado alikuwa ananipa nafasi.

Nikafunga mdomo. Nikainamisha kichwa kukubali, mara moja.

"Sista, mrudishe Ibrahim mahali alikuwa," mke wangu akasema. "Huyu wangu pia mrudishe mahali alikuwa."

"Madam, Jumamosi—"

"Jumamosi nitasimama peke yangu."

Alikuwa ameshika mguu wangu juu ya blanketi, na ule mkono ulikuwa unaubana mpaka ukauma. Hakuna mwingine aliyeuona. Sista Jepchumba akasema, "Asante, mama," akatoka akitembea kama yeye mwenyewe.

Ibrahim alipelekwa asubuhi, akarudi bila mawe. Fahari na maumivu vilikaa pamoja kifuani mwangu kama sisi wawili kwenye kile kitanda, na kila kimoja kilivuta blanketi kwake.

Jumamosi tuliufuatilia mkutano kwenye simu ya Byron, imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Namalwa hakuwa amefika mbali pale mtu alipopaza sauti kutoka kwa umati: bwana yako ako wapi? Wengine wakaipokea, ikawa wimbo. Nikaona Nicanor nyuma yake akifunika uso. Namalwa akangoja wimbo uishe.

"Ako hospitali ya serikali," akasema. "Ako na ngiri."

Nilijifunika blanketi kichwa kizima. Nchi nzima sasa ilikuwa inajua. Chini ya blanketi nikamsikia akiendelea.

"Alipewa nafasi ya mtu mwingine na hakuikubali. Ako kwa foleni. Mkitaka kumwona, muende saa ya wageni, na mpange laini."

Zikaibuka kelele ambazo simu ya Byron haikuweza kuzibeba, ikawa inakwaruza tu. Nilipofunua uso, wodi nzima ilikuwa imenigeukia. Mzee Johnstone alikuwa akinipigia makofi kwa mkono mmoja juu ya goti, maana ule mwingine ulikuwa na sindano ya maji. Ibrahim, aliyekuwa amekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi, alikuwa ameshika tumbo akilia kwa kicheko.

"Sasa kura?" nikamuuliza.

"Bado nafikiria, fundi. Usinisukume."

Namalwa alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amechoka, sauti imeisha. Akaketi ukingoni mwa kitanda akaniuliza kama nimekasirika.

"Sana," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Ngiri yangu imefika Mombasa."

"Nisamehe, Baba Joy."

"Ngoja nimalize. Mimi kura yangu nilikuwa nakupea juu wewe ni bibi yangu. Ningekosa kukupea ningelala wapi? Sasa hiyo sababu nimeitupa." Nikashika ule mkono wake, ambao safari hii ulikuwa umelegea. "Hata ungekuwa bibi ya mtu mwingine, Namalwa, ningeamka mapema nikupigie kura."

Mwanamke aliyewatoa jasho mawaziri akaangalia pembeni, akatafuta kona ya leso, akajifuta macho.