Kobe Ndani ya Bomba Kuu

Wenzake kazini walimwita Usukani, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua kumwendesha Kobe. Na Kobe, usidhani ni mnyama, ilikuwa roboti ya kutambaa, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye mikanda ya mpira kama ya tingatinga, kamera usoni na mkono mmoja wa chuma wenye kucha mbili. Mafunzoni Usukani aliambiwa kwamba ndugu zake Kobe huchomelea magari viwandani, na wengine hushika visu vya wapasuaji hospitalini. Huyu wa kwao aliletwa kutafuta nyufa kwenye mabomba ya maji machafu. Siku hiyo alikuwa anatafuta watu.

Watu wenyewe nani? Mume wake Usukani, na shemeji yake, mdogo wa huyo mume. Walishuka asubuhi kuzibua bomba kuu chini ya barabara, bomba ambalo mtu hupita kwa magoti na viwiko, na dari likaporomoka nyuma yao. Kuchimba kutoka juu kulishindikana, maana kila koleo likigusa udongo, udongo ulizidi kuteremka. Kilichobaki ni upenyo mwembamba juu ya kifusi. Kobe angepita. Mtu angepita akivutwa. Na maji humo ndani yalikuwa yanapanda, jamani, yanapanda huku watu wazima wamesimama wanatazamana.

Mama mkwe alifika na kiatu kimoja mguuni. Alizaa wana wawili tu maishani, na wote wawili walikuwa humo. Akachutama kando ya Usukani, penye skrini.

"Mkwe wangu, hicho kidude kina akili?"

"Hakina, mama. Kina vihisi, vinatambua joto na mguso. Kina kompyuta, inaamua kwa kufuata amri tulizoipa. Kina mota, zinatenda. Kuhisi, kuamua, kutenda. Hakuna kingine."

"Na kinakula nini?"

"Betri."

"Heri yake, hakijui kuzaa," mama alisema, akacheka kidogo, kisha akalia palepale.

Kobe akaingia, anaburuta nyuma yake mpira wa kupitishia hewa na waya wa chuma. Akapanda kifusi, akajipenyeza, akatumbukia upande wa pili. Tope likafunika kamera. Skrini ikawa nyeusi tii, zikabaki namba mbili tu, ya joto na ya nguvu inayomgusa. Usukani alikuwa anaendesha kipofu, roho mkononi.

Mara namba ya joto ikapanda.

"Mtu! Kuna mtu, na ni mzima!"

Watu wote wakapiga kelele. Mama mkwe akamshika bega. "Wangapi?"

"Namwona mmoja, mama."

"Yupi?"

"Kihisi hakijui jina. Na hakifiki mbali, hatua moja mbele yake basi."

Kihisi hakikujua jina, lakini Usukani alikwisha kumpa mtu yule jina. Alikuwa mume wake. Angekuwaje mwingine? Alimwomba Mungu awe mume wake, na katika kuomba hivyo akajua anaomba nini kuhusu yule wa pili, yule kijana aliyekula mezani kwake miaka yote na kumwita shemeji kwa heshima. Aliona aibu. Aibu haikumzuia.

Akanyoosha mkono wa Kobe. Papo hapo ukadakwa. Namba ya nguvu ikaruka juu. Mtu alikuwa anauvuta, tena kwa nguvu zake zote, kuelekea ndani. Kobe aliwekewa amri kwamba akivutwa afunge breki, na akafunga. Mkono ukaachiwa, ukashikwa tena, ukavutwa tena kulekule ndani.

Msimamizi wao, mtu asiyependa makelele, akainamia skrini. "Ngoja kwanza. Anayetaka kutoka atavutaje kwenda ndani? Mfungulie breki tuone anampeleka wapi."

"Mfa maji haachi kutapatapa! Kwenye giza lile atajuaje mbele na nyuma?"

"Wako wawili, Usukani."

"Maji yanapanda! Wewe una nani humo?"

Msimamizi akajiondoa penye skrini. Wewe ungemjibu nini?

Usukani akazifumba kucha. Zikanasa kitu kigumu, kama mkanda wa suruali. Akawapungia wenzake mkono, winchi, mashine ya kukunjia waya, ikaanza kuzunguka. Waya ukakazika, ukalegea, ukakazika. Yule mtu alikuwa anakataa, namba zilisema wazi kabisa kwamba anakataa.

"Amekwama tu," alisema. "Ongezeni!"

Wakaongeza. Kutoka chini kikasikika kishindo cha udongo, na baada ya muda Kobe akatokea kinyumenyume, akiburuta donge la tope lenye miguu. Mama mkwe akaliparamia, akalifuta uso kwa khanga. Alikuwa mdogo mtu.

Mama akapiga kigelegele, hakujizuia. Usukani naye alifurahi, tusimsingizie, ila akakaa chini kwenye tope.

Kijana akakohoa, akatapika maji, na badala ya kushukuru akampiga Kobe ngumi.

"Mbona mmenitoa mimi? Kaka yuko nyuma yangu! Kifusi kimembana miguu, maji yako kifuani, lakini anaongea! Nilikuwa namvuta huyu apite, ampelekee hewa!"

"Sikujua, shemeji."

"Yeye ndiye aliyenituma! Tulisikia mota inakuja, akasema, huyo ni mke wangu anaendesha. Mlete Kobe huku kwangu. Akasema, we mvute tu, ataelewa."

Usukani akainuka, akamgeuza Kobe, akamrudisha ndani. Kobe akatambaa mpaka penye kifusi, akasimama. Upenyo haukuwepo tena. Skrini ikaandika: kizuizi mbele. Namba ya joto ikabaki chini, haikupanda. Akasukuma kijiti cha kuongozea mpaka mwisho wake, na mikanda ikazunguka bure kwenye udongo.

Mama mkwe akamwachia msimamizi mwanawe, akaja kupiga magoti kando ya mkwewe.

"Mwambie asukume."

"Nimemwambia, mama."

"Mwambie tena."

Akamwambia tena.